Papai, mbuzi na hesabu iliyosimama

Tarehe 3 Mei 2020, akiwa Chato, Rais John Magufuli wa Tanzania alieleza kwamba sampuli za papai na mbuzi zilipelekwa maabara ya taifa kwa majina ya watu, na majibu yakarudi kuwa zina korona. Kiongozi kutilia shaka kipimo si kosa. Kipimo chenye walakini huchunguzwa. Kosa ni kilichofuata. Takwimu zilikatika, wagonjwa 509 wakabaki 509 kwa zaidi ya mwaka, na misibani watu wakajifunza kusema marehemu alipata "changamoto ya upumuaji".

Wapo wanaosema aliwaokoa wanyonge kwa kukataa kuwafungia watu ndani. Hapo nakubaliana nao. Mama wa Mlingotini anayelima mwani hufuata bamvua: maji yakitoka, huinama kwenye kamba zake hadi yanapoanza kujaa, na siku zile zikimpita hakuna wa kumfidia. Kenya ilitangaza kafyu Machi 2020, na virungu vya polisi vikawahi kufika kabla ya msaada. Lakini kutofunga nchi na kutohesabu wagonjwa ni mambo mawili. Siasa za jukwaani ndizo zilizoyafunga kamba moja zikayaita uzalendo. Mama yule, kwa kuwa alikuwa anaendelea kutoka, ndiye hasa aliyehitaji kujua ugonjwa umefika wapi.

Kuna hoja ya mabeberu. Ni kweli mataifa tajiri yalijilimbikizia chanjo, na Januari 2021 Magufuli alionya kwamba chanjo za kigeni si za kukimbilia. Ila mjini Bagamoyo, safari fupi ya bodaboda kutoka Mlingotini, Taasisi ya Afya Ifakara ilikuwa imeshaijaribu chanjo ya malaria ya RTS,S kwa watoto wa wilaya hiyo hiyo, Watanzania wakipima damu na kuhesabu homa moja moja. Nchi yenye watu hao haikulazimika kuchagua kati ya kumwamini mzungu na kujifunika blanketi juu ya nyungu. Ingewauliza wataalamu wake.

Badala yake, Julai 28, 2021, Rais Samia Suluhu Hassan, aliyemrithi Magufuli, alichanjwa hadharani kwa dozi zilizotolewa na Marekani. Wananchi walioambiwa Januari wasizikimbilie sindano hizo sasa waliombwa wakunje mikono ya mashati, na wengi hawakukunja.