Kalenda tatu za shule kwenye ziwa moja

Kila mwishoni mwa Julai, barabara ya kutoka Nchelenge kwenda Mwansabombwe hujaa watu wanaokwenda Umutomboko, sherehe ya Walunda wa Mwata Kazembe. Wengine huvuka Luapula kutoka Kongo, ambako ukoo ni uleule. Watoto wao huja bila hofu, kwani mwaka wa masomo wa Kongo huanza Septemba na kuisha mwanzoni mwa Julai. Watoto wa Nchelenge bado wako kwenye muhula wa pili, unaofungwa Agosti. Anayewafuata binamu zake ngomani ameacha dawati tupu. Mfanyabiashara wa Tanzania naye akija na wanawe Juni, shule zao zikiwa zimefungwa, huwakuta wenyeji darasani.

Ni rahisi kumlaumu mzazi. Lakini anayeuza samaki Kashikishi na kufuata bidhaa Pweto hana likizo ya kupanga. Kwa nauli moja ya boti anabeba mzigo, anahani msiba na kumsalimia bibi. Akimwacha mtoto, atakula kwa nani?

Samaki ndio kiini cha tatizo. Zambia hufunga uvuvi kuanzia 1 Desemba hadi mwisho wa Februari ili samaki wazaliane. Kwa hiyo shule zinapofungwa Desemba, ziwa nalo limefungwa na mfukoni hamna nauli. Machi Mosi nyavu zinarudi majini, fedha inaanza kuonekana, na muhula wa kwanza ndio umekolea. Familia huhamia kambini na visiwani. Mtoto huambiwa anakwenda kumtembelea baba. Akifika, anaanika chisense. Hapo neno matembezi linaficha kazi, na tuliite hivyo.

Uingereza imechagua faini: tangu Agosti 2024 ni pauni 80 kwa kila mzazi kwa kila mtoto. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu huko ilitoa hukumu dhidi ya Jon Platt, aliyempeleka binti yake Florida shule zikiwa wazi. Zambia nayo ina Sheria ya Elimu ya 2011 inayodai mahudhurio, na tangu 2022 ada zimefutwa hadi sekondari. Ila faini kwa mama wa samaki itakula mtaji, na mtaji ukiisha mtoto hataacha siku nne tu, ataacha shule.

Kalenda yenyewe si msahafu. Mwaka 2024 kipindupindu kilisogeza ufunguzi wa shule Zambia kutoka 8 Januari hadi 12 Februari. Kama nchi nzima iliweza kusogea wiki tano, wilaya za ziwa zinaweza kupewa siku chache za Julai na kuzifidia Agosti. Nchi zote tatu zimo SADC, ambayo itifaki yake ya elimu ya 1997 inagusa kulinganisha mihula ya vyuo vikuu. Shule za msingi bado kila moja na kalenda ya nchi yake.

Kwa safari ya siku tatu nne, mzazi amwone mwalimu mkuu kabla ya kupanda boti, ataje tarehe ya kurudi na achukue kazi za kufanya. Wiki za Machi kambini ni jambo jingine. Hizo zinahitaji shangazi au jirani wa kubaki na mtoto Nchelenge, na gharama yake iingie kwenye bei ya samaki kama inavyoingia barafu na nauli.