Ekzema si uchawi, na pomadi ya sokoni si dawa ya mtoto

Baraka, Fizi. Tuseme kwa sauti jambo ambalo wengi wanalinong'ona tu. Hapa Baraka, na katika vijiji vyote vya kando ya ziwa kutoka Makobola hadi Kazimia, watoto wenye ekzema wanaumizwa mara mbili. Kwanza na ugonjwa wenyewe, halafu na sisi watu wazima tunaojidai kuwaponya. Na hii ya pili ndiyo mbaya zaidi, kwa kuwa tunailipia faranga zetu wenyewe.

Safari ya mtoto huyo kila mtu anaijua. Ngozi inakauka, inawasha usiku kucha, inapasuka kwenye kiwiko na nyuma ya goti. Jirani anasema damu imechafuka. Shangazi anasema kuna mtu katika ukoo amemtupia jicho. Mwingine anashauri apakwe petroli, mwingine anafungua kapsule ya antibiotiki na kuinyunyiza unga wake kwenye kidonda. Ikishindikana, mama anapelekwa kwa muuza pomadi sokoni, anaambiwa: "Chukua hii, siku tatu tu." Ni kweli, siku tatu ngozi inatulia. Mwezi unaofuata mtoto ana hali mbaya kuliko mwanzo.

Ekzema, ambayo vitabu vya Kiswahili huiita pia ukurutu, haitoki kwa mchawi wala haiambukizi. Ngozi ya mtoto huyo ni kama ukuta ambao udongo wake umeachia: unyevu unatoka, vumbi, sabuni kali na vijidudu vinaingia, na mwili unajibu kwa muwasho. Mara nyingi huanza akiwa mdogo sana, na mara nyingi kuna mtu mwingine katika familia mwenye pumu au mafua yasiyokwisha. Basi ni kweli inatembea katika ukoo. Lakini inatembea kwa urithi kama urefu na sura, haitumwi na bibi mzee anayeishi peke yake mwisho wa kijiji. Tunajua katika eneo letu shutuma kama hizo zinaishia wapi.

Tena kuna jambo ambalo picha nyingi za ugonjwa huu hazituonyeshi. Kwenye ngozi nyeupe ekzema inaonekana nyekundu. Kwenye ngozi yetu inaonekana nyeusi zaidi, ya kijivu au ya zambarau, na mara nyingi kama vipele vidogo vidogo vikavu. Mzazi anayesubiri kuona wekundu atasubiri mpaka ngozi iwe nene kama ya kiatu.

Sasa tuje kwenye hizo pomadi. Soma kwa makini maandishi madogo kwenye tyubu. Nyingi zina klobetasoli au betametazoni. Hizi ni dawa za aina ya steroidi, na klobetasoli iko katika kundi la steroidi zenye nguvu kuliko zote zinazopakwa ngozini. Sisemi steroidi ni sumu. Haidrokotizoni, ambayo ni steroidi hafifu, imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na mganga wa hospitali akiitoa kwa kipimo na kwa siku zinazojulikana, inamsaidia mtoto sana. Ninachopinga ni dawa kali ya mtu mzima kupakwa usoni kwa mtoto wa miezi minane, kila siku, miezi mitatu mfululizo, kwa maelekezo ya mtu anayeuza pia nywele za bandia na betri za redio.

Matokeo yake hayana siri. Ngozi inakuwa nyembamba, inapata michirizi isiyofutika, inachubuka kwa kuguswa tu. Ikipakwa karibu na macho kwa muda mrefu inaweza kuleta presha ya macho na mtoto wa jicho. Kwa mtoto mchanga dawa hupenya mpaka kwenye damu na inaweza kuzuia asikue vizuri. Na ukiiacha ghafla, muwasho unarudi kwa hasira, ndipo mama anakimbia tena sokoni. Muuzaji anapata mteja wa kudumu. Hiyo ni biashara, tusiiite tiba.

Kuna wanaonunua pomadi hizo hizo ili wawe weupe. Mtu mzima na ngozi yake, atajibu mwenyewe. Lakini ndiyo sababu zimejaa sokoni: hazikuletwa kwa ajili ya wagonjwa, zililetwa kwa ajili ya urembo, na mtoto mgonjwa anapakwa mabaki ya urembo wa watu wazima.

Hatari nyingine ni kuchanganya magonjwa. Upele wa kuambukiza, ule unaowasha zaidi usiku, katikati ya vidole, kwenye kifundo cha mkono na kiunoni, mpaka nyumba nzima inajikuna, si ekzema. Unaletwa na mdudu mdogo asiyeonekana kwa urahisi, na unatibiwa kwa dawa kama benzili benzoate, watu wote wa nyumba siku moja, pamoja na kufua nguo na shuka. Ukipaka steroidi juu yake unauficha tu huku mdudu anazaana. Choa nacho ni hivyo hivyo: kinatulia juu, kinatambaa chini. Katika kambi ya Lusenda na penye wakimbizi wa ndani, ambapo familia kubwa zinalala chumba kimoja, kosa hilo la mtu mmoja linalipwa na majirani wote.

Halafu kuna mpox. Aina mpya ya ugonjwa huo ilianzia hapa hapa jimboni kwetu, Kamituga, mwaka 2023, na tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani likatangaza hali ya dharura ya kimataifa. Tangu hapo, mtoto mwenye madoa anatazamwa kwa hofu shuleni na kanisani. Wenye ekzema wanafukuzwa bila kosa, na wenye mpox wanajificha chini ya pomadi. Yote mawili ni hatari, kwa sababu mtu mwenye ekzema akipata mpox anaweza kuumwa vikali kuliko wengine. Basi tujue alama: homa, tezi zilizovimba, malengelenge yanayojaa usaha, mara nyingi hata kwenye viganja na nyayo. Ukiona hayo usipake kitu, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Mficha maradhi kilio humuumbua.

Na mwiko wa chakula je? Mtoto akianza kujikuna anakatazwa ndagala, mayai, karanga, maharage, vyote kwa pamoja. Ni kweli watoto wachache wana chakula kinachowasumbua, na dalili yake huonekana haraka baada ya kula: midomo kuvimba, kutapika, kupumua kwa shida. Lakini kumnyima kila mtoto ndagala kwa kubahatisha, katika eneo ambalo utapiamlo tunauona kwa macho, ni kumtibu ngozi kwa kumdhoofisha mwili. Na utapiamlo wenyewe unachubua ngozi.

Kinachosaidia ni kazi ndogo ya kila siku, na haihitaji tyubu ya muujiza. Muogeshe mtoto kwa maji ya uvuguvugu, muda mfupi, bila kumsugua kwa jani au kitambaa kigumu. Tumia sabuni laini isiyo na manukato, kidogo, sehemu zenye uchafu tu. Usimuogeshe kwa sabuni ya unga wala sabuni ya kufulia yenye soda kali. Mkaushe kwa kugusagusa, na ngozi ikiwa bado na unyevu, mpake vazelini isiyo na harufu mwili mzima, asubuhi na jioni, hata siku ambazo ngozi inaonekana nzima. Hapo ndipo wengi wanapoachia: wakiona nafuu wanaacha mafuta, na ukuta unabomoka tena.

Mkate kucha. Mvalishe nguo za pamba, zisuuzwe mpaka povu liishe. Mtoe karibu na moshi wa jikoni. Maji ya ziwa au ya mto usiyapake kwenye ngozi iliyopasuka. Tunaijua kolera na tunajua maji hayo yanabeba nini. Kidonda kikitoa usaha, kikinuka, au mtoto akipata homa, hapo ni kituo cha afya, si famasi wala sokoni.

Najua mtakaloniambia: "Mwandishi, watu ni maskini, na daktari wa ngozi tutampata wapi?" Ni kweli, wengi wetu tutazeeka bila kuonana na daktari wa ngozi. Lakini umaskini ndio sababu ya kuacha pomadi hizo, wala si sababu ya kuzinunua. Jumlisheni tyubu za mwaka mzima, kuku wa mganga wa kienyeji na sadaka za ukombozi. Kwa fedha hizo kopo la vazelini linapatikana mara nyingi. Mchungaji aombee mtoto, hakuna anayemkataza. Ila baada ya amina, amwambie mama ampeleke kwa mwuguzi.

Wakubwa nao wasijifiche nyuma ya umaskini wetu. Kila siku kuna mtu anayepita sokoni kuchukua ushuru kwa kila meza. Macho yanayoona faranga yanaweza pia kuona klobetasoli. Kanda za afya za Fizi, Nundu na Kimbi-Lulenge ziwafundishe wauguzi na wa-RECO kutofautisha ekzema, upele na mpox kwenye ngozi nyeusi, na zihakikishe haidrokotizoni na dawa ya upele zipo kwenye vituo. Mei 2025, huko Geneva, mkutano mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulipitisha azimio kwamba magonjwa ya ngozi ni jambo la kupewa kipaumbele duniani. Azimio hilo halina maana kama haliwezi kufika Sebele au Lulenge.

Walimu, msimrudishe nyumbani mtoto mwenye ekzema. Haimpati mwenzake kwa kukaa dawati moja. Wauzaji, mnajua kilichoandikwa kwenye tyubu zenu. Asiyejua kusoma maandishi hayo asiuze. Na sisi wazazi, kabla ya kumtafuta mchawi wa mtoto wetu kijijini, tutazame kwanza kwenye rafu ya pomadi ndani ya nyumba yetu.