Kiswahili kwenye skrini hakitoshi

Wadau, leo nina hoja moja kwa vijana wanaotengeneza programu, wa hapa Moshi na kwingineko nchini.

Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Kazi nzuri sana. Lakini tumezoea kudhani kuwa programu ikishazungumza Kiswahili basi imekuwa yetu. Mimi nasema hiyo ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ni kuhakikisha inakubali kwenye mashine walizonazo watu wetu.

Hebu tuelewane. Laptop nyingi zina prosesa za ukoo wa x86, wa akina Intel. Simu zina ARM, ukoo ulioanzia Cambridge, Uingereza, mwaka 1985. Amri za ukoo mmoja hazieleweki kwa mwingine. Na ndani ya ARM kuna mifumo ya biti 32 na ya biti 64. Simu za bei poa, zile zinazopita mkono hadi mkono kutoka mjini mpaka migombani, nyingi bado ni za biti 32, na amri za biti 64 hazipiti humo.

Sasa chukua maktaba ya programu kama SQLite, inayotunza data. Imeandikwa kwa lugha ya C. Maandishi yake ni yale yale, lakini lazima yageuzwe kuwa amri za kila aina ya prosesa. Kazi hiyo inafanyika kwenye laptop, matokeo yanakwenda kwenye simu. Wenyewe wanaiita krosi-kompaili. Ni kama fundi cherehani wa Moshi mjini anayeshona sare ya mtoto aliyeko Marangu: mtoto hayupo, vipo vipimo vyake. Fundi akijipima mwenyewe, sare itamvaa nani?

Vifaa vipo, tena bure. Google walitoa NDK, zana za kazi hii kwa Android, mwaka 2009. Mwezi Agosti 2019 duka lao likaanza kudai programu mpya za namna hii ziwe na toleo la biti 64. Halikukataza kuweka na la biti 32. Anayeliacha ni mtengenezaji, kwa sababu simu iliyoko mfukoni mwake ni mpya. Hapo mkulima wa kahawa wa Kibosho anaambiwa programu haiendani na simu yake, na Kiswahili chako kizuri hatakiona kamwe.

Mtasema matoleo mawili yananenepesha faili, na bando ni hela. Kweli, lakini tangu 2018 kuna utaratibu wa App Bundle, ambapo duka linaitumia kila simu kipande chake tu. Na programu iliyoandikwa yote kwa Java au Kotlin haina tatizo hili kabisa.

Kwa hiyo mashirika na wafadhili mnaolipia programu za wakulima, kabla ya kukata hundi ulizeni swali moja: imejaribiwa kwenye simu ya nani? Kama jibu ni simu ya aliyeitengeneza, mrudisheni fundi akachukue vipimo.

Naomba kutoa hoja.