Ujana Hautoshi Kuwa Utume

Yako mazoea, katika vitabu vya historia ya dini na katika hotuba za jubilei, ya kumsifu mmisionari kijana kwa mambo matatu: kwamba aliiacha nchi yake, kwamba aliteseka njiani, na kwamba alikuwa tayari kufa. Sifa hizo ni za kweli, lakini hazitoshi. Kuiacha nchi yako si sawa na kuingia katika nchi ya wenzako. Kuteseka si sawa na kufundisha. Na kaburi, hata likiwa la mtu mwema, halisemi na wenyeji kwa lugha yao. Utume wa ugenini hauna budi kupimwa kwa vipimo viwili: ulimi na muda. Mtu alijifunza kusema na nani, naye alikaa nao kwa miaka mingapi? Njia ya zamani ya misafara, itokayo Bagamoyo hata Tabora, ina ushahidi mwingi juu ya jambo hili, ila ushahidi huo haujasomwa vema.

Msafara wa bara ulipokwisha kupita Ugogo, na kulipa hongo kwa watemi wake, uliingia Mgunda Mkali, pori lenye maji haba lililoogopwa na kila msafiri. Ng'ambo ya pori hilo palikuwa na Tura, mlango wa Unyamwezi kwa mtu atokaye mashariki. Richard Burton, aliyepita huko mwaka 1857, alieleza kwamba jina hilo maana yake ni amri: weka mzigo chini. Mswahili asikiaye neno lake mwenyewe, tua, haoni ajabu. Lakini yafaa kuuliza, amri ile ilimhusu nani? Haikumhusu mgeni aliyepanda punda au aliyetembea na fimbo mkononi. Ilimhusu mpagazi, aliyebeba ratili 60 au 70 za nguo, ushanga na vyombo, kutoka pwani, kwa miguu yake.

Mwaka 1878 Askofu Mkuu Lavigerie wa Algiers alituma wamisionari 10 wa shirika la Mapadri Weupe, waende kwenye maziwa makuu. Mmoja wao, Padri Pascal, alifariki njiani kabla ya wenzake kufika Tabora. Kutoka Tabora waligawanyika: wengine wakaelekea Ziwa Tanganyika, wengine Nyanza. Miongoni mwa hawa wa Nyanza alikuwamo Siméon Lourdel, aliyezaliwa mwaka 1853, akafika Buganda mwezi Februari 1879 akiwa na umri wa miaka 25. Hadithi yao husimuliwa kama safari ya vijana wachache waliojitosa katika nchi wasiyoijua. Neno hilo "wasiyoijua" ndilo la kuangaliwa. Nchi haikuwa haijulikani. Kirangozi aliyetangulia mbele ya msafara aliijua; wapagazi, waliohesabiwa kwa mamia, waliyajua maji yake, bei za vyakula vyake na lugha za watu wake. Wengi wao walikuwa vijana vilevile. Katika Unyamwezi wa zama zile, safari ya pwani ilikuwa njia ya kijana kuonyesha kuwa amekuwa mwanamume. Nao walikuwa wageni Ugogo na wageni Bagamoyo, wakafa kwa njaa na kwa ndui. Ikiwa ujana, ugeni na mateso ndivyo vimfanyavyo mtu kuwa mtume, basi wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa mitume kwa maelfu. Kama sivyo, na ni wazi kuwa sivyo, basi vitu hivyo vitatu havimfanyi mgeni wa Ulaya kuwa mtume pia.

Watetezi wa desturi ya zamani watajibu kwamba Lourdel ni fahari ya Kanisa la Uganda. Naam, na ndiye shahidi wa kwanza dhidi ya hoja yao. Fahari yake haikutoka katika safari. Ilitoka katika miaka aliyoishi na kusema na Waganda, hata wakalichukua neno la Kifaransa la kumwita padri, wakaligeuza kwa matamshi yao, wakamwita Mapera. Alifariki huko mwaka 1890. Padri Pascal alitoka na nia ileile, na huenda kwa ushujaa uleule. Lakini mauti yalimkuta hajapata nafasi ya kumfundisha mtu, na heshima apewayo ni heshima ya nia. Kuzichanganya heshima hizi mbili ni kuwafundisha vijana wa leo kwamba kuondoka ndiyo kazi yenyewe.

Liko kosa la pili, nalo ni kubwa zaidi. Jacob Wainwright, Myao aliyeokolewa katika utumwa na kusomeshwa Nasik, India, alikuwa kijana alipokuwa miongoni mwa walioileta maiti ya Livingstone kutoka bara hadi pwani, akaifuata hata London kwa maziko ya mwaka 1874. Baadaye alitumikia misheni, akafia Urambo, magharibi ya Tabora, mwaka 1892. Adrien Atiman alizaliwa katika nchi za Mto Niger, akatekwa akiwa mtoto, akakombolewa na Mapadri Weupe, akasomeshwa utabibu Malta. Mwaka 1889 alifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, kijana wa miaka ishirini na kitu. Akaoa huko, mwanawe akawa padri, naye akatibu na kufundisha hata alipofariki mwaka 1956: miaka 67 mahali pamoja. Vitabu humwita tabibu na katekista. Mzungu wa umri wake angalifika Karema mwaka ule na kukaa hata mwaka 1956, ni nani angalisita kumwita mmisionari, au hata mtume wa Ziwa?

Itasemwa kwamba Atiman hakuichagua safari yake kwa uhuru kama Lourdel, kwa kuwa waliomkomboa ndio waliomtuma. Ni kweli, na ukweli huo haufai kufichwa. Lakini mtu aweza kutumwa na wengine siku moja. Hawezi kukalishwa na wengine kwa miaka 67.

Jambo hili si la makumbusho. Leo mkondo umegeuka. Mapadri, masista na wainjilisti wa Tanzania hutumwa Ulaya, Marekani na nchi nyingine za Afrika. Pia yako makanisa, kama lile la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambamo vijana wa kiume, kuanzia umri wa miaka 18, hutumikia miezi 24, kisha hurudi kwao. Husemwa kwamba kijana hujifunza lugha upesi, na moyo wake ni mwepesi. Hoja hiyo ni nzuri, lakini yashuhudia kinyume cha ilivyokusudiwa: ikiwa kijana hujifunza upesi, ni hasara gani kumwondoa wakati ule ule anapoanza kuelewa anachoambiwa! Miaka 2 yatosha kumjenga anayetumwa. Ni nadra kutosha kumjenga anayetumiwa mgeni.

Basi wanaotuma wajihoji. Je, kijana wao amejifunza lugha ya waendewa, si salamu zake tu? Je, atakaa hata wenyeji wapate kumkosoa kwa lugha yao? Na je, kumbukumbu zitakapoandikwa, majina ya waliompokea, waliomfasiria na waliombebea yataandikwa pamoja na lake? Asiyeweza kuyajibu maswali haya, aseme kwamba anawapeleka vijana kujifunza. Kujifunza ni jambo la heshima, ila halina haja ya kuitwa utume.