Picha za Natron Kali, Ila Hiyo ya Droni Ishushwe

Wadau, picha za Ziwa Natron mmeziona? Yule mpiga picha wetu wa kofia nyeusi na maneno machache ameanza kuzimwaga mtandaoni, anatangaza maonyesho yake yanayokuja. Na tusidanganyane, jamaa anajua. Maji mekundu kama damu, magadi meupe yamepasukapasuka, Ol Doinyo Lengai umesimama kule nyuma kimya. Unaweza kudhani ni sayari nyingine, kumbe ni mkoa wa Arusha huu huu.

Sasa kaandika chini eti "hapa hakuna uhai". Hakuna uhai vipi? Huo wekundu wenyewe ni vijidudu hai vinavyopenda chumvi. Wamasai wanachunga pembeni ya ziwa miaka nenda rudi. Na heroe wadogo, wale ndege wa pinki wa miguu mirefu, leba yao kuu Afrika Mashariki ni hapo hapo.

Tuje kwenye ile ya droni, iliyopata laiki kuliko zote. Kundi zima la heroe limeruka kwa mpigo, watu wamejaza mioyo na moto. Jamani, waliruka kwa nini? Vichuguu vya viota vinaonekana kabisa pale chini! Heroe mdogo hutaga yai moja tu, juu ya kichuguu cha matope katikati ya ziwa, ambako fisi kufika ni shughuli. Anayebaki kumtisha ni adui wa angani. Halafu unamletea kidude kinachovuma juu ya kichwa. Mzazi akiruka, yai linabaki juani. Kundi likishtuka sana linaweza kuvitelekeza viota vyote.

Mashabiki wanasema hiyo ni sanaa, bila yeye nani angeijua Natron? Kweli, wengi hata ramani hawakuwahi kuiangalia. Ila picha hiyo ikitundikwa ukutani, kesho kila mwenye droni ya kuazima atataka ya kwake.

Na wala hana njaa ya picha huyu. Ile ya bibi wa Kimasai amesimama kwenye magadi alfajiri, nyayo zake zimebaki nyuma, inazifunika zote. Kaipiga akiwa amesimama chini kama binadamu. Hiyo ndiyo ya kuweka kwenye bango.

Haya wadau, ungekuwa wewe ndiye unapanga ukuta, ya droni ungeiacha au ungeishusha?