Mizani, ekseli na lumbesa: maneno ya kujua kabla ya kushika usukani wa lori

Dereva mpya anayebeba mahindi au maharage kutoka Kibondo au Kasulu hukutana na maneno matatu kwenye mizani. Tuyaeleze.

Uzito wa gari tupu ni lori kabla ya kupakiwa. Uzito wa jumla ni lori pamoja na mzigo, mafuta na watu. Uzito wa ekseli ni ule unaobebwa na kila mstari wa matairi.

Sheria ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari ya mwaka 2016, iliyoanza kutumika Tanzania Machi 2019, inaruhusu tani 8 kwa ekseli ya usukani na tani 18 kwa ekseli mbili za nyuma zilizo pamoja zenye matairi manane. Lori la namna hiyo lisizidi tani 26 kwa jumla.

Mtego uko hapa: jumla inaweza kuwa tani 25, lakini magunia yakirundikwa nyuma, ekseli za nyuma zikabeba 19. Hapo umezidisha.

Lumbesa nayo huficha uzito. Kisheria gunia lisizidi kilo 100. Likifika 130, magunia 100 yanaongeza tani 3 ambazo dereva hakuzihesabu.

Kwa hiyo usihesabu magunia tu, pima. Hakikisha utingo anasambaza mzigo vizuri. Na kabla ya kuondoka, kubaliana na mwenye mzigo nani atalipa uzito ukizidi. Mkishafika kwenye mizani, mmechelewa.