Kabla ya Kulipia Cheti cha Fedha, Uliza Kitakufungulia Mlango Upi

Matangazo ya kozi fupi za fedha yamejaa kwenye simu. Lipia wikendi nne, jifunze kuchanganua hisa au kuunda modeli za kifedha, upate cheti, kisha benki zikuite. Wanafunzi wanalipa, wazazi wanalipa, na mara nyingi pesa hizo hupitia simu. Sisi hupata ada yetu muamala ukipita, kozi iwe nzuri au mbovu. Kwa sababu hiyo tunaona ni haki tuseme wazi: vyeti vingi vya aina hii havimpi mwanafunzi kazi, na vile vinavyosaidia vina sababu inayoonekana.

Vyeti havilingani

Kuna sifa za kitaaluma ambazo mwajiri huzitaja kwenye tangazo la kazi. CPA, inayotahiniwa na KASNEB, ni mfano ambao kila mtu anaujua. Sheria ya Wahasibu ya 2008 inataka mhasibu anayetoa huduma kwa umma asajiliwe na ICPAK, na huwezi kufika huko bila mitihani. Kwa upande wa uwekezaji kuna CIFA, ambayo pia hutahiniwa na KASNEB, na CFA ya kimataifa yenye ngazi tatu. Hizi ni ghali, zinachukua miaka, na watu hufeli. Lakini kwa vile watu hufeli, anayepita anaaminika.

Halafu kuna vyeti vya kumaliza kozi. Ukilipa na ukatazama video zote, unapewa. Mwajiri analijua hilo. Kitu ambacho kila anayelipa hukipata hakiwezi kukutofautisha na wenzako mia mbili walioleta bahasha ya kaki siku hiyo hiyo.

Hatusemi kozi fupi hazina faida kabisa. Mwanafunzi ambaye hajawahi kufungua Excel anaweza kujifunza mengi kwa mwezi mmoja, na wengine hawasomi mpaka walipie. Sawa. Ila hapo umenunua ujuzi, hujanunua kazi. Kwenye mahojiano utawekewa takwimu mbele yako na kuambiwa eleza zinasema nini. Cheti hakitakujibia.

Jaribio lisilo na gharama

Kabla hujaweka PIN, tafuta matangazo kumi ya kazi unayoitaka: karani wa mikopo kwenye Sacco, mhasibu msaidizi, mchanganuzi kwenye kampuni ya uwekezaji. Hesabu ni mangapi yanataja cheti hicho kwa jina. Kama hakuna hata moja, basi bei yake ipime kama ya darasa la kawaida, na uulize kama ujuzi huo unapatikana bure au kwa bei nafuu.

Kisha jiulize pesa hiyo ingefanya nini kwingine. Tuseme kozi ni Sh12,000. Kwa mwanafunzi ambaye hajajisajili na bodi ya mitihani, huenda kiasi hicho kingemwanzishia safari ya CPA. Na tafadhali, usikope kwa simu kulipia cheti. Mkopo wa simu unadaiwa ndani ya wiki chache. Kazi haina tarehe.

Kazi ya kuonyesha unayo tayari

Pakua taarifa yako ya miamala ya miezi sita. Iweke kwenye Excel, panga mapato na matumizi, onyesha pesa inavuja wapi. Ukimaliza yako, omba ruhusa uweke vitabu vya chama cha mama, au vya duka la jirani. Mtu anayeweza kusema "duka hili lilikuwa linauza sana na bado linakosa pesa ya kuongeza stoki, na sababu ni madeni ya wateja" ameshaanza kuongea kama mtu wa fedha. Fanya hivyo kwa heshima: usionyeshe majina wala namba za watu kwenye kazi utakayompa mwajiri.

Ukiamua kulipa

Hakikisha taasisi imesajiliwa, na kwa sifa ya kitaaluma ulizia bodi yenyewe, si wakala. Lipa kwa namba ya Paybill au Till yenye jina la taasisi. Jina la mtu binafsi likitokea kwenye skrini, simama kwanza. Omba masharti ya kurudishiwa pesa kwa maandishi, na uhifadhi ujumbe wa malipo. Na mtu akikuambia kazi ipo tayari ila ulipie mafunzo kwanza, usitume chochote. Hapo hakuna kozi wala kazi, kuna mtu anayeitaka pesa yako.

Karo ya nyumbani haipatikani kirahisi. Ikitoka, iende mahali mwajiri atapaona.